Milinganyo ya Diophantus: Namba Kamili na Kazi ya Baki

Mtu aliyesoma aljebra ya shule anafahamu kwamba mlinganyo wenye herufi mbili zisizojulikana, kama vile 7x + 3y = 100, hauna jibu moja, kwa sababu kila thamani inayowekwa mahali pa x huleta thamani yake ya y, na kwa hiyo majibu hayana mwisho. Lakini ikiwa 7 inawakilisha bei ya daftari la shilingi 700, na 3 inawakilisha bei ya kalamu ya shilingi 300, na 100 inawakilisha noti ya shilingi 10,000 ambayo inapaswa kuisha yote bila kurudishwa chenji, mambo hubadilika, kwa kuwa hakuna mwenye duka anayekata daftari vipande wala anayeuza kalamu pungufu ya sifuri. Majibu yasiyo na mwisho hupungua mpaka yakabaki matano tu: daftari 1 na kalamu 31, madaftari 4 na kalamu 24, madaftari 7 na kalamu 17, madaftari 10 na kalamu 10, au madaftari 13 na kalamu 3.

Milinganyo ambayo majibu yake yanatakiwa kuwa namba kamili, yaani sifuri, namba za kuhesabia 1, 2, 3 na kuendelea, pamoja na hasi zake, huitwa milinganyo ya Diophantus. Kila mlinganyo wa aina hii hujengwa kwa kujumlisha, kutoa na kuzidisha peke yake, na herufi zake zinaweza kupandishwa kwenye vipeo, kama katika x² au z³. Tawi la hisabati linaloichunguza ni nadharia ya namba, nalo lina sifa ya kushangaza: maswali yake mengi hueleweka na mtoto wa shule ya msingi, ilhali baadhi ya majibu yake yamewashinda wanahisabati kwa mamia ya miaka. Hata hivyo, mlango wa kuingilia hauko mbali wala hauhitaji zana za kigeni, kwa sababu silaha kuu ya anayeanza ni ile hesabu ya kugawanya na kuandika baki, ambayo wanafunzi huiacha nyuma mara tu wanapofundishwa desimali.

Maswali matatu

Katika aljebra ya kawaida swali huwa moja: x ni ngapi? Katika milinganyo ya Diophantus maswali ni matatu na yanafuatana. La kwanza ni iwapo jibu lipo. La pili ni, kama lipo, iwapo majibu ni machache yanayoweza kuorodheshwa au hayana mwisho. Na la tatu ni namna ya kuyapata yote na kuthibitisha kwamba hakuna hata moja lililosahaulika. Anayeanza kujifunza huvutwa zaidi na swali la kwanza, akidhani kwamba kazi imekwisha pale anapoipata jozi ya namba inayotimiza mlinganyo, kumbe hapo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa jibu moja lililopatikana kwa kubahatisha halisemi lolote kuhusu mengine.

Tofauti hiyo ilitambuliwa zamani. Kitabu cha Kichina cha hesabu cha Zhang Qiujian, cha karne ya 5, kina swali la mtu anayenunua ndege 100 kwa sarafu 100, ambapo jogoo mmoja ni sarafu 5, tembe mmoja, yaani kuku jike, ni sarafu 3, na vifaranga 3 ni sarafu 1. Idadi ya majogoo ikiwa x na ya matembe y, masharti mawili ya swali, la idadi na la bei, huungana na kuwa mlinganyo mmoja, 7x + 4y = 100. Kwa kuwa 100 na 4y zote zinagawanyika kwa 4, ni lazima 7x nayo igawanyike kwa 4, jambo linalowezekana tu ikiwa x yenyewe inagawanyika kwa 4. Kwa hiyo x ni 0, 4, 8 au 12, na y ni 25, 18, 11 au 4. Maswali kama hayo yalisambaa mpaka nchi za Kiislamu, na Abu Kamil, mwanahisabati wa Misri aliyeishi kati ya karne ya 9 na ya 10, aliyaandikia kitabu kizima juu ya ndege, ambamo alikusudia kuyapata majibu yote badala ya kuridhika na moja. Swali mojawapo la kitabu hicho lilimpa majibu zaidi ya 2,600.

Diophantus na maandishi yake

Diophantus mwenyewe aliishi Alexandria, mji wa pwani ya Misri ambao kwa karne nyingi ulikuwa kitovu cha elimu ya Kigiriki, na wanahistoria wengi humweka karibu na katikati ya karne ya 3. Kitabu chake kikuu, Arithmetica, kilikuwa na sehemu 13, lakini zilizohifadhiwa kwa Kigiriki ni 6 tu; nyingine 4 zilijulikana upya mwaka 1968, zilipopatikana kwa tafsiri ya Kiarabu katika maktaba ya Mashhad, Iran, tafsiri ambayo inahusishwa na Qusta ibn Luqa, mtaalamu wa karne ya 9 kutoka Baalbek.

Jambo ambalo huwashangaza wasomaji wapya ni kwamba Diophantus hakushikilia namba kamili, bali aliridhika na sehemu, mradi ziwe chanya. Katika swali la 8 la kitabu chake cha pili aliuliza namna ya kuigawa namba ya mraba iwe miraba miwili, namba ya mraba ikiwa ni ile inayotokana na namba kuzidishwa kwa yenyewe, kama 16, ambayo ni 4 mara 4. Kwa mfano huo wa 16 alitoa mraba wa 16/5 na mraba wa 12/5, ambayo ukijumlisha unapata 400/25, yaani 16. Masharti ya namba kamili yalikazwa na waliomfuata, hasa Pierre de Fermat wa Ufaransa katika karne ya 17, lakini jina la mzee wa Alexandria likabaki kwenye milinganyo yote ya jamii hii.

KKS kinapoamua

Milinganyo rahisi kuliko yote ni ile ambayo herufi zake hazina vipeo wala hazizidishwi zenyewe kwa zenyewe, yaani ax + by = c, ambapo a, b na c ni namba kamili zinazojulikana. Kwa milinganyo hii swali la kwanza hujibiwa kwa chombo ambacho kila mwanafunzi wa shule ya msingi amekitumia, nacho ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, kwa kifupi KKS, ambacho ni namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila kuacha baki. Kanuni ni hii: mlinganyo una majibu ya namba kamili ikiwa KKS cha a na b kinagawanya c bila baki, na kama hakigawanyi, hauna jibu hata moja.

Nusu moja ya kanuni hii huonekana papo hapo. Katika 6x + 9y = 100, kwa mfano, upande wa kushoto daima hugawanyika kwa 3, haidhuru x na y ni ngapi, ilhali 100 ikigawanywa kwa 3 huacha baki 1; kwa hiyo mtu anaweza kujaribu jozi za namba maisha yake yote asipate kitu. Nusu ya pili, kwamba jibu lazima liwepo pale KKS kinapokubali, inahitaji njia ya kulitengeneza jibu hilo, na njia hiyo ilikwisha andikwa na Euclid karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Aryabhata wa India naye, aliyeandika mwaka 499, alikuwa na utaratibu wake wa kutatua milinganyo ya namna hii, ambao baadaye uliitwa kuttaka.

Njia ya Euclid inafaa kuonekana ikifanya kazi. Mfanyabiashara ametumia shilingi 100,000 kununua maharage kwa shilingi 3,800 kila kilo na mchele kwa shilingi 2,700 kila kilo, naye anataka kujua alinunua kilo ngapi za kila kimoja, akiwa na hakika kwamba zilikuwa kilo kamili. Mlinganyo ukipunguzwa kwa mamia huwa 38x + 27y = 1000. Kwanza namba kubwa hugawanywa kwa ndogo, kisha ndogo kwa baki, kisha baki kwa baki linalofuata: 38 ni 27 mara moja na baki 11, 27 ni 11 mara mbili na baki 5, 11 ni 5 mara mbili na baki 1. Baki la mwisho kabla ya sifuri ndilo KKS, nalo ni 1, kwa hiyo jibu lipo.

Sasa hatua hurudiwa kinyumenyume. Mstari wa mwisho unasema kwamba 1 ni 11 kutoa mbili za 5. Lakini 5 ni 27 kutoa mbili za 11, kwa hiyo 1 ni tano za 11 kutoa mbili za 27. Na kwa kuwa 11 ni 38 kutoa 27, basi 1 ni tano za 38 kutoa saba za 27, yaani 190 kutoa 189. Ukizidisha yote kwa 1000, x inakuwa 5000 na y inakuwa hasi 7000, jibu ambalo ni sahihi kihesabu lakini halina maana dukani. Hata hivyo, kutoka jibu moja hupatikana mengine yote, kwa kuwa x ikipungua kwa 27 na y ikiongezeka kwa 38 jumla haibadiliki. Mwendo huo ukirudiwa mara 185, x inakuwa 5 na y inakuwa 30. Mwendo mmoja zaidi ungeifanya x kuwa hasi, na mmoja pungufu ungeiacha y ikiwa hasi. Kwa hiyo mfanyabiashara alinunua kilo 5 za maharage na kilo 30 za mchele, wala hakuna uwezekano mwingine. Hesabu hii ya kurudi nyuma haikuishia vitabuni, kwani ndiyo inayotumika kutengeneza ufunguo wa siri katika mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, ambao umelinda mawasiliano mengi ya intaneti.

Baki linapofunga njia

Vipeo vinapoingia, KKS hakitoshi tena, lakini baki huendelea kutoa msaada, safari hii kama kizuizi. Chukulia swali la iwapo 1003 ni jumla ya miraba miwili, yaani iwapo x² + y² = 1003 ina jibu. Kila namba shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba inayogawanyika kwa 4 bila baki, na kila namba witiri ikizidishwa kwa yenyewe hutoa namba ambayo ikigawanywa kwa 4 huacha baki 1. Kwa hiyo jumla ya miraba miwili, ikigawanywa kwa 4, huacha baki 0, 1 au 2, kamwe si 3. Namba 1003 huacha 3, na kwa mstari huo mmoja wa hoja mlinganyo umekwisha: hauna jibu, na hakuna haja ya kujaribu jozi hata moja.

Hoja ya aina hiyo ina mipaka yake, na mipaka hiyo huonekana vizuri katika swali la jumla ya vipeo vitatu vya tatu, yaani x³ + y³ + z³ = k, ambapo herufi zinaruhusiwa kuwa hasi. Namba yoyote iliyopandishwa kwenye kipeo cha tatu, ikigawanywa kwa 9, huacha baki 0, 1 au 8, na baki la 8 ni sawa na kupungukiwa na 1. Kwa hiyo jumla ya vipeo vitatu vya namna hiyo haiwezi kuacha baki 4 wala 5, na papo hapo inajulikana kwamba 31 na 32 hazina jibu. Namba 29 ni rahisi, kwani ni 27 kujumlisha 1 na 1. Lakini 33, iliyo jirani yao, haizuiwi na baki lolote, na bado hakuna aliyepata jibu lake mpaka mwaka 2019, ambapo Andrew Booker wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alilipata kwa kompyuta, likiwa na namba zenye tarakimu 16 kila moja. Mwaka huohuo Booker na Andrew Sutherland wa Marekani walilipata jibu la 42, ambalo lilikuwa limebaki peke yake miongoni mwa namba zilizo chini ya 100, na namba zake zina tarakimu 17. Baki, basi, likikataa limekataa, lakini likinyamaza halijatoa ahadi yoyote.

Kugeuza jumla kuwa zao

Chombo cha tatu cha anayeanza ni kuuandika mlinganyo upya ili upande mmoja uwe zao, yaani matokeo ya kuzidisha, na upande mwingine uwe namba inayojulikana. Faida yake ni kwamba namba kamili ina vigawo vichache, na kwa hiyo uwezekano wote unaweza kuorodheshwa. Mfano mzuri ni swali la mistatili ambayo vipimo vya pande zake ni namba kamili na ambayo eneo lake linalingana kwa idadi na mzingo wake. Pande zikiwa x na y, mlinganyo ni xy = 2x + 2y, na kwa kuhamisha na kuongeza 4 pande zote mbili hupatikana (x − 2)(y − 2) = 4.

Namba 4 huvunjika kuwa 1 mara 4 au 2 mara 2, mbali na njia zenye namba hasi, ambazo hapa huufanya upande mmojawapo kuwa sifuri au hasi na hivyo kutupwa. Yanabaki majibu mawili: mstatili wa 3 kwa 6, wenye eneo 18 na mzingo 18, na mraba wa 4 kwa 4, wenye eneo 16 na mzingo 16. Ujanja wote uko kwenye ile 4 iliyoongezwa, na mwanafunzi akishaizoea hatua hiyo, maswali mengi yanayoonekana kutaka kubahatisha hugeuka kuwa orodha fupi ya vigawo.

Miraba na majibu yasiyokwisha

Mlinganyo maarufu kuliko yote ya vipeo vya pili ni x² + y² = z², unaojulikana kwa jina la Pythagoras, ambao majibu yake ni vipimo vya pembetatu yenye pembe mraba, kama 3, 4 na 5. Watu wa Babeli waliufahamu zamani kabla ya Wagiriki: kibao cha udongo kiitwacho Plimpton 322, kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kinachokadiriwa kuwa cha takriban mwaka 1800 kabla ya Kristo, kina orodha ya namba za aina hii, zikiwamo 119 na 169, ambazo pamoja na 120 hutimiza mlinganyo. Namba kubwa kiasi hicho hazipatikani kwa bahati. Kanuni inayozizalisha huchukua namba mbili za kuhesabia, m iliyo kubwa na n iliyo ndogo, kisha huunda m² − n², 2mn na m² + n²; kwa m = 2 na n = 1 hutoka 3, 4 na 5, na kwa m = 12 na n = 5 hutoka 119, 120 na 169. Majibu yote yasiyo na kigawo cha pamoja hupatikana kwa kanuni hii, na mengine ni mazidisho yake tu, kwa hiyo maswali yote matatu yamejibiwa.

Mlinganyo x² − 2y² = 1 nao una majibu yasiyo na mwisho, ila yanatoka kwa njia nyingine. Jibu dogo la namba chanya ni x = 3 na y = 2, kwa kuwa 9 kutoa 8 ni 1. Kutoka jibu lolote hutengenezwa kubwa zaidi kwa kuweka 3x + 4y mahali pa x na 2x + 3y mahali pa y, hivyo baada ya 3 na 2 huja 17 na 12, kisha 99 na 70, na mnyororo hauishi. Milinganyo ya sura hii huitwa ya Pell kutokana na Leonhard Euler kumhusisha kimakosa John Pell wa Uingereza, ingawa Brahmagupta wa India aliichunguza mwaka 628, na Bhaskara wa pili, mwaka 1150, aliipatia jibu ile iliyo ngumu zaidi, x² − 61y² = 1, ambayo jibu lake dogo kuliko yote ni x = 1766319049 na y = 226153980. Fermat aliwapa wanahisabati wa Ulaya swali hilohilo mwaka 1657, bila kujua kwamba lilikuwa limejibiwa karne tano zilizotangulia. Kubadilisha 2 kuwa 61 hakubadilishi sura ya mlinganyo hata kidogo, lakini jibu lake la kwanza huruka kutoka tarakimu moja hadi kumi, na ndiyo sababu katika somo hili ufupi wa swali haupimi ugumu wake.

Kushuka bila kikomo na swali la Fermat

Fermat aliacha chombo kingine, ambacho huitwa njia ya kushuka bila kikomo, nacho hutumika kuthibitisha kwamba jibu halipo hata pale mabaki yasipoonyesha kizuizi. Mfano mwepesi ni x² = 2y² kwa namba chanya. Kama jibu lingekuwapo, x² ingekuwa shufwa, kwa hiyo x yenyewe ingekuwa shufwa na ingeweza kuandikwa kama 2z; mlinganyo ungegeuka kuwa 4z² = 2y², yaani y² = 2z². Hili ni jibu la mlinganyo uleule, ila kwa namba ndogo zaidi, na kutoka hilo lingetoka lililo dogo zaidi tena, na kuendelea hivyo milele. Lakini namba za kuhesabia haziwezi kushuka milele, kwani zinakoma kwenye 1. Kwa hiyo jibu la kwanza halikuwapo tangu mwanzo.

Kwa njia hiyo Fermat alithibitisha kwamba x⁴ + y⁴ = z⁴ haina jibu la namba chanya. Karibu mwaka 1637, katika ukingo wa nakala yake ya Arithmetica iliyochapishwa na Bachet mwaka 1621, kando ya lile swali la kuigawa namba ya mraba, aliandika kwamba hakuna jibu kwa kipeo chochote kinachozidi 2, na kwamba uthibitisho alikuwa nao ila nafasi haikumtosha. Mwanawe Samuel alichapisha maandishi hayo mwaka 1670, na kuanzia hapo Euler alishughulikia kipeo cha 3, Sophie Germain na Ernst Kummer wakafungua njia kwa vipeo vingi vingine, lakini uthibitisho kamili ulikuja kwa Andrew Wiles wa Uingereza, aliyeutangaza mwaka 1993 huko Cambridge. Wakaguzi waligundua pengo katika hoja yake, akaliziba mwaka 1994 kwa msaada wa Richard Taylor, na kazi ikachapishwa mwaka 1995. Zana alizotumia hazikuwapo wakati wa Fermat, na wanahisabati wengi huamini kwamba Fermat hakuwa na uthibitisho sahihi wa vipeo vyote.

Je, ipo njia moja kwa milinganyo yote?

Kila mlinganyo hadi hapa umehitaji ujanja wake, na mtu anaweza kutamani utaratibu mmoja ambao ungepokea mlinganyo wowote wa Diophantus na kusema, baada ya hatua zenye kikomo, kama una jibu au hauna. David Hilbert wa Ujerumani aliliweka swali hilo kuwa la kumi katika orodha maarufu ya maswali 23 inayotokana na hotuba yake ya mwaka 1900 mjini Paris. Jibu lilitoka mwaka 1970, pale Yuri Matiyasevich, kijana Mrusi wa miaka 22, alipokamilisha kazi iliyoanzwa na Wamarekani Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, na kuthibitisha kwamba utaratibu kama huo haupo wala hautapatikana, hata kompyuta ziwe na nguvu kiasi gani. Kompyuta inaweza kujaribu namba moja baada ya nyingine, na kama jibu lipo italifikia siku moja. Lakini kama halipo, hakuna kanuni ya jumla itakayoiambia lini iache kutafuta.

Namna ya kuanza

Matokeo hayo ya mwaka 1970 hayapaswi kumkatisha tamaa anayeanza. Kinyume chake, yanaeleza kwa nini somo hili hufundishwa kwa zana na mifano badala ya kanuni moja ya kukariri. Mpangilio mzuri wa kujifunza ni kuanza na ax + by = c mpaka njia ya Euclid, kwenda mbele na kurudi nyuma, iwe jambo la kawaida; kisha kuandaa jedwali la mabaki ya miraba kwa 3, 4, 5, 7 na 8, na la vipeo vya tatu kwa 7 na 9, kwa mkono na si kwa kunakili; kisha kuzoea kugeuza jumla kuwa zao; na hatimaye kuingia kwenye mlinganyo wa Pythagoras, wa Pell na njia ya kushuka. Kikokotoo kinasaidia kukagua, lakini kwa kuwa kimezoea desimali, mara nyingi hulificha lile baki ambalo ndilo lenye habari.

Mbele ya mlinganyo mpya, inafaa kwanza kujaribu namba ndogo ili kuona kama jibu linajitokeza, kisha kutafuta baki linaloweza kuuzuia, na kama hakuna, kujaribu kuuvunja kuwa zao au kuuwekea mipaka inayobakiza namba chache za kukagua. Anayetaka kujipima anaweza kuanza na haya: kuonyesha kwamba 15x + 21y = 200 haina jibu; kuyapata majibu yote ya namba chanya ya x² − y² = 45, ambayo ni matatu; na kuthibitisha kwamba kwa stempu za shilingi 4 na za shilingi 7 peke yake kila gharama inayozidi shilingi 17 inaweza kulipwa kamili, ila 17 yenyewe haiwezi. Katika maswali hayo matatu kupata namba ni sehemu ndogo ya kazi, na atakayeandika sababu ya kila jibu kuwapo au kutokuwapo, kwa sentensi ambazo mtu mwingine anaweza kuzifuata na kuzikubali, atakuwa ameanza kweli.